Ya Nani Inalia Mkebeni?

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, kati ya mlango wake na cherehani yangu, na mguu wake mmoja umewekewa tofali tangu enzi ambazo Kinyozi mwenyewe alikuwa na nywele. Kila alasiri hukaa hapo watu walewale. Yuko Kinyozi, ambaye hukata nywele kwa mashine na watu kwa mdomo. Yuko mpiga picha wa mlango wa pili tunayemwita Cheka Kidogo, maana hilo ndilo neno lake kwa kila mteja, hata aliyekuja kupiga picha ya kitambulisho akiwa na jino linalouma. Yuko Fundi Saa, mtu mpole, mwenye meza ya kioo pale kona. Na niko mimi fundi cherehani, nasikiliza huku nasukuma pedeli. Kahawa anauza Shangazi. Si shangazi wa mtu yeyote hapa, ila hutugombeza kwa haki zote za ushangazi, na ndiye aliyetunga sheria ya mkebe. Kuna kipindi benchi lilinyamaza kabisa, kila mtu kainamia simu yake, kahawa inapoa mikononi. Shangazi akachukua mkebe mtupu wa maziwa ya unga akasema simu zote ziingie humo, na atakayekuwa wa kwanza kutia mkono atawalipia wenzake kahawa. Tangu hapo tumerudi kuwa watu. Cha ajabu, simu zikishaingia mkebeni, tunachozungumza ni simu.

Siku ninayoisimulia Fundi Saa alifika amevaa shati la kutokea, na mkononi ana simu mpya ya kioo. Kinyozi aliacha kupangusa mashine yake.

— Heh! Fundi Saa na simu ya kupapasa! Ile yako ya vitufe umeizika wapi?

— Iko kabatini nyumbani. Hii kaniletea mkwe wangu jana, kabla hajaondoka na lori. Akachomoa laini kule, akaichomeka huku. Anasema mjukuu akizaliwa nimwone uso kwa uso. Na ndiyo leo, jamani. Binti yangu yuko wodini tangu asubuhi, hapo zahanati ya juu ya barabara.

— Na wewe umekuja kufanya nini hapa? — akauliza Shangazi.

— Wamenifukuza. Mlinzi kaniambia, mzee, ukiendelea kupita hapa mlangoni utawatia wenzako wazimu, nenda kanywe kahawa utapigiwa. Wifi wa binti yangu, ambaye bado sijaonana naye, yuko naye ndani.

Alicheka, akapokea kikombe kwa Shangazi. Sote tunajua habari yake na simu. Mkewe alipougua ghafla, binti akiwa bado anavaa sare za shule, Fundi alikuwa upande wa pili wa mji akitundika saa ya ukutani kwenye ofisi ya watu, na hakuna aliyejua pa kumtafuta. Alirudi jioni akakuta wameshamfunika. Mwezi uleule akanunua simu, akamwambia binti yake: ukinipigia, nitapokea, wakati wowote. Na kweli, amepokea akiwa na saa ya mteja imefunguka matumbo mezani, amepokea msibani akitoka pembeni, amepokea akiwa bafuni na sabuni machoni. Binti mwenyewe hujisifia jambo hilo kwa watu.

— Sikiliza, — Shangazi akamwambia, — leo sheria haikuhusu. Ikilia yako, chukua, pokea, hulipi.

— Ahsante, Shangazi. Lakini itaingia mkebeni pamoja na zenu. Sheria ni sheria. Ikilia nitaisikia, ile kengele yangu naijua hata usingizini.

Kengele yake kweli mtaa mzima tuliijua, ilikuwa inagonga kama ya shule. Akaiweka simu mpya mkebeni taratibu, juu ya Tunda la Kinyozi, ubavuni mwa Roboti ya Cheka Kidogo na kisimu changu cha tochi. Hapo inabidi nieleze kwamba benchi letu halitaji majina ya simu kama yalivyo dukani. Ile ya tunda lililong'atwa tunaiita Tunda. Zingine zote za kioo, za kampuni hii na kampuni ile, zenye kile kidude cha kijani, tunaziita Roboti. Kinyozi ni mtu wa Tunda. Alilinunua limeshatumiwa, limeshapasuka, na limeshachoka, ila mapenzi hayana macho.

— Mkwe amekuletea Roboti, — akasema kwa huruma ya uongo. — Si vibaya. Asiye na mama hunyonya popote.

— Methali yenyewe siyo hivyo, — nikamwambia.

— Ndivyo inavyosemwa kinyozini kwangu. Tunda ni Tunda, bwana. Kabla ya Tunda, simu ilikuwa nini? Kitu cha kupigia tu.

Cheka Kidogo akajivuta mbele, maana hilo lilikuwa limemgusa.

— We Kinyozi, kwani simu za akili zilianza na Tunda? Mabosi walikuwa nazo zamani. Si unazikumbuka zile zenye vitufe vidogo kama punje za mtama, mtu anaandika barua pepe kwa kucha? Na zile za kubonyeza kioo kwa kijiti, ukipoteza kijiti na simu ndiyo imekufa?

— Nazikumbuka. Na waliozitengeneza, Tunda lilipotoka, walicheka. Wakasema simu isiyo na vitufe nani atainunua, kioo kitapasuka. Wako wapi leo?

— Kioo si kimepasuka? — akauliza Shangazi, akichungulia mkebeni.

— Kimepasuka lakini kinafanya kazi! Chema chajiuza!

— Kama chajiuza, mbona tangazo lake limejaa ukuta mzima pale njia panda?

Tukacheka, hata Fundi Saa. Kinyozi akasubiri tumalize, kwa kuwa anajua kicheko kina mwisho na yeye hana.

— Nasema hivi. Tunda lilibadilisha soko. Zamani mtu alinunua simu kwa betri, anauliza inakaa siku ngapi, ikianguka inaokoteka? Tunda likaja, watu wakaanza kuuliza, ina nini ndani? Hilo tu ndilo lililowaua wale wakubwa wa simu za vitufe. Walikuwa wanauza nyumba imara, mwenzao anauza nyumba yenye vitu ndani.

— Hapo umesema neno, — Cheka akakubali. — Lakini nyumba ya Tunda ina mlango mmoja, na mlangoni kuna mlinzi. Kila kinachoingia anakipekua. Roboti je? Roboti ni soko. Kampuni hii inaweka kibanda, ile inaweka kibanda, wanapigana bei, bei inashuka mpaka inafika kwangu na kwako. Tunda lilifungua njia, Roboti ndiye aliyepitisha watu.

— Sokoni kuna vibaka.

— Na nyumbani kwako kuna kodi.

Ni hapo simu ya kwanza ilipolia mkebeni. Si kengele. Ulikuwa ule mlio laini wa matone, ti-ri-ri, ti-ri-ri, ambao Roboti nyingi hutoka nao kiwandani. Fundi Saa akainua kichwa.

— Yangu hiyo?

— Yako ni kengele, Fundi, — akasema Kinyozi. — Mlio unakaa kwenye laini. Laini ni ileile, mlio ni uleule. Hiyo ni ya Cheka, hajawahi kubadilisha mlio tangu ainunue.

— Ni yangu, — akasema Cheka Kidogo kwa kujivuna, akakunja mikono kifuani. — Na siigusi. Mnataka niwalipie kahawa? Alie tu, atachoka.

Fundi Saa akaamini. Nani angebishana na Kinyozi juu ya simu, mtu aliyebandika tangazo la Tunda juu ya kioo chake cha kunyolea? Mlio ukakatika, na Cheka akaendelea kana kwamba ameshinda vita.

— Sasa niwaambie siri. Vitufe waliviondoa makusudi.

— Nani aliviondoa?

— Wenye simu. Sikiliza. Kitufe ukikibonyeza, kidole kinajua kimebonyeza nini. Kioo je? Kidole hakijui. Ukateleza kidogo, ujumbe wa yule ukaenda kwa mkeo. Ndoa zikavunjika. Ndoa ikivunjika, nyumba moja iliyokuwa na simu moja inakuwa nyumba mbili, simu mbili. Hapo soko limekua mara mbili bila jasho!

— We Cheka, ulisomea wapi huo uchumi?

— Nimepiga picha za harusi miaka mingi, ndugu yangu. Nimeona zinavyoanza na nimeona zinavyokuja kukatwa mkasi katikati.

Fundi Saa akaweka kikombe chini. Alikuwa na lake, na yeye huwa hasemi sana, kwa hiyo tulimpisha.

— Mimi simu zote mbili nazilaumu sawa. Mtu zamani alifunga saa mkononi ili ajue ni saa ngapi. Sasa anauliza simu. Cheka, wewe ulikuwa na foleni mpaka huku barabarani, siku za sikukuu watu wanasukumana. Wako wapi? Imemeza saa, imemeza kamera, imemeza tochi, redio, kalenda, kikokotoo. Aliyebaki ni Kinyozi tu.

— Kichwa hakinyolewi na simu! Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zikikua mnazileta kwangu.

— Subiri, — nikamwambia. — Kesho watatoa ya kunyoa.

— Lakini Fundi, — akasema Shangazi, — mbona hukuikataa alipokuletea mkwe?

Fundi Saa alitazama mkebe.

— Kwa ajili ya mtoto. Jana usiku niliitazama na ile lenzi yangu ya jichoni, nikaona kila kialama kilichomo ni kidogo kama skrubu. Nikasema, nitajifunza. Nimejifunza saa za kila namna, hii itanishinda? Mama yake hakuweza kuwa naye leo, lazima mimi niwepo. Na kama siruhusiwi kuwepo, basi anisikie.

Ilikuwa kauli ya mtu mzima kwa watu wazima. Hata kabla hajachukua kikombe chake, mkebe ukaanza tena, ti-ri-ri, ti-ri-ri. Ukalia mpaka ukakatika, ukaanza upya.

— Cheka, huyo ana shida, — nikasema.

— Huyo ni mama wa harusi ya mwezi ujao. Ana shida kila siku. Mara anataka picha zichapishwe, mara anataka zitumwe kwenye simu, mara mpiga picha atakuwa shemeji yake mwenye Tunda. Mwache apige. Subira yavuta heri.

— Yake au yako?

— Yangu!

Kinyozi aliposikia shemeji mwenye Tunda akapata nguvu mpya.

— Unaona? Hata maharusi wanajua. Picha ya Tunda ni picha. Picha ya Roboti inakulainisha uso mpaka mama yako anakuita mgeni.

— Na picha ya Tunda lako inatoka na ufa katikati, kama ukuta wa tetemeko! Juzi lilitumbukia kwenye ndoo, nawe ulisema halipitishi maji. Ukiona vyaelea vimeundwa, Kinyozi. Lako lilizama.

— Lilizama likaibuka! Mnajua kwa nini lile tunda limeng'atwa? Wengi hawajui. Ni ujumbe kwa mnunuzi: faida ya kwanza tumeshaila sisi, wewe kula iliyobaki. Ule ni uwazi. Ni biashara ya heshima. Roboti ana nini? Hana hata mdomo! Ukimlalamikia atakujibu na nini?

Shangazi aliweka birika chini kwa kishindo.

— Nyote hamjui mnalolisema. Tunda na Roboti ni ndugu wa tumbo moja. Mchana wanapelekana mahakamani, usiku wanakula pamoja. Kama si ndugu, mbona mmoja akiondoa tundu la visikilizi vya masikioni, mwenzake anamcheka leo na keshokutwa naye anaondoa? Na nawaambia atakayeshinda si yeyote kati yao. Atakayeshinda ni mwenye chaja. Mtu ananunua simu inayoingia chaja ya nyumbani kwao, basi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na chaja yangu iko mvunguni mwa kitanda.

— Shangazi, hiyo methali...

— Nimeinama kila usiku, utaniambia wewe maana yake?

Mkebe ukalia tena. Mara hii haukuwa ukikaa kimya hata nafasi ya kumeza funda moja. Unakatika, unaanza, unakatika, unaanza, na kwa kuwa ni bati, benchi zima lilikuwa linatetemeka. Shangazi akaudhika. Akachukua sinia lake, bila hata kuchungulia ndani akalifunika juu ya mkebe, na juu ya sinia akaweka kitambaa cha kushikia birika. Mlio ukafifia, ukawa kama mdudu ndani ya ukuta.

— Cheka, huyo mteja wako hana adabu.

— Harusi zinawapa watu homa, — akasema Cheka.

Fundi Saa alikuwa ameacha kusikiliza ubishi. Alitazama juu ya barabara, akapangusa mikono kwenye suruali, akatazama tena.

— Mbona hawapigi?

— Kutopiga ni habari njema, — Kinyozi akamwambia, na sauti yake ilikuwa ya upendo kabisa, hilo siwezi kumnyima. — Mambo yangekuwa mabaya ungeshasikia. Kunywa kahawa.

— Binti alisema atapiga akizidiwa. Alisema, baba, hutasema kitu, we kaa tu kwenye simu nikusikie unapumua.

— Basi hajazidiwa. Ana bahati. Shangazi, mwongeze mzee kahawa.

Akaongezwa. Mkebe nao ukanyamaza, tukashukuru. Cheka na Kinyozi wakarudi kwenye kamera, kutoka kamera wakaenda kwenye kumbukumbu iliyojaa, Kinyozi akasema haba na haba hujaza kibaba ndiyo maana simu ya Cheka haifunguki, na mimi nilikuwa nimeacha kitambaa chini ya sindano ili nicheke vizuri, ndipo nilipomwona mwanamke akiteremka barabara mbio, kiatu kimoja mkononi.

Alifika anahema, akashika ukuta.

— Shikamooni. Samahani, namtafuta Fundi Saa. Meza yake pale haina mtu.

Fundi Saa alikuwa ameshasimama.

— Marahaba, mama. Ni mimi. Wewe ni wifi yake?

— Ndiyo, baba. Amejifungua. Mtoto wa kike. Wazima wote wawili.

Shangazi akapiga kigelegele ambacho kilimtoa dukani mteja aliyeachwa na Kinyozi kitini, povu kidevuni. Cheka akamkumbatia Fundi, Kinyozi akamkumbatia Cheka, na mimi nikajikuta nalia bila sababu ya maana. Fundi Saa alicheka kwa mdomo wazi, meno yote nje, hakuhitaji kuambiwa cheka kidogo. Yule mwanamke peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa anamtazama Fundi kuanzia kichwani mpaka miguuni, mikono, macho, kama anayemkagua.

— Baba, kwa hiyo uko mzima?

— Mzima kabisa, mama.

— Mbona hukupokea simu?

— Haijalia, mwanangu. Nimekaa hapa hapa, masikio wazi. Waulize hawa.

Mwanamke hakutuuliza. Alitoa simu yake mfukoni, akabonyeza, akaiweka sikioni. Chini ya kitambaa, chini ya sinia, ndani ya mkebe, ikaanza: ti-ri-ri, ti-ri-ri.

Cheka Kidogo alikuwa wa kwanza kuondoa sinia. Simu yake ilikuwa imelala giza. Iliyokuwa inawaka ni ile ya juu, mpya, na chini ya namba ya yule mwanamke kioo kimejaa simu zisizopokelewa, kwa jina moja lileile ambalo mkwe alikuwa ameliandika mwenyewe: BINTI YAKO. Kengele ilikuwa imebaki kabatini, kwenye ile ya vitufe.

Yule mwanamke alikata simu yake, lakini hakuwa amemaliza, na alizungumza bila ukali wowote, ndiyo maana iliniuma zaidi.

— Amekupigia tangu uchungu umebana. Mara ya kwanza alisema utakuwa unavuka barabara. Baadaye akasema labda hiyo simu mpya huijui. Halafu akaacha kusema. Alipiga mpaka simu yake ikaisha chaji. Nami nikapiga na yangu. Mtoto ametoka, nesi anamwekea kifuani, yeye anamsukuma. Anasema, kwanza niambieni ukweli, baba yangu amekufa, mnanificha. Anasema baba hajawahi kuacha simu yangu iite bila kupokea. Mpaka sasa hajamshika mtoto. Ndiyo nimekimbia. Nikirudi nimwambie ulipatwa na nini?

Aliuliza akitugeukia sote, kwa kuwa Fundi Saa alikuwa ameficha uso kwa kiganja. Kinyozi alichukua mashine yake akaanza kuipangusa upya. Shangazi alikuwa amekishika kile kitambaa cha birika kwa mikono miwili. Mimi nilitazama cherehani yangu.

— Usimwambie kitu, — akasema Fundi Saa. — Nakwenda mwenyewe. Mlinzi atanipitisha au atanipiga.

Wakaondoka. Hakuchukua simu, wala hakuna aliyethubutu kumwita airudie. Alikuwa anapanda barabara nusu anakimbia, mzee yule mwenye magoti mabovu, na wifi wa binti yake kamshika mkono, bado kiatu hakijavaliwa. Tuliwatazama mpaka wakakata kuelekea zahanati. Yule mteja wa Kinyozi alirudi kukaa kwenye kiti ndani, povu likimkaukia, hakulalamika.

Cheka Kidogo aliketi. Alitaka kusema tangu mapema, nilimwona.

— Wallahi, mimi nilijua ni yangu.

Shangazi alikiweka kile kitambaa juu ya birika.

— Nami nilijua ni yako. Sasa hebu niambie, Cheka. Kama ingekuwa yako, anayekulilia hivyo angekuwa nani, na wewe umekaa hapa unamsikia?

Cheka alichukua simu yake mkebeni, akaigeuza mkononi, akaanza kuyapitia majina ya watu wake, moja baada ya lingine. Kahawa ilikuwa bado imejaa birika, na hakuna aliyeiomba.